Waraka kwa Waandishi wa Draiva, Kuhusu Kadi Zisizosikia

Waheshimiwa mabibi na mabwana mnaoandika draiva za kadi za mtandao,

Nawaandikia mimi msimamizi wa seva, mmoja wa wale mnaowaita kwa upole "watumiaji" tunapowaletea malalamiko, na pengine kwa jina jingine tukishaondoka. Sina ugomvi nanyi. Ugali wangu unategemea kazi yenu. Kila pakiti inayoingia kwenye seva ninazozitunza hupita mikononi mwenu kwanza, na zilizo nyingi hupita salama, kwa kasi ambayo sisi tuliokulia kwenye modemu bado hatujaizoea. Nakuja kwa jambo moja tu: adabu ya kadi pale inapoacha kupokea.

Hali yenyewe mnaijua, ingawa nashuku mnaijua kutokana na barua zetu zaidi kuliko kwa kuamshwa nayo usingizini. Taa ya kijani inawaka. Ukiiuliza ethtool, inaapa kwamba kebo imeunganishwa, gigabiti moja, pande zote mbili. Kaunta ya pakiti zinazotoka inapanda. Ya pakiti zinazoingia imesimama pale pale ilipokuwa saa nane usiku. Unafungua dmesg ukitarajia kilio na unakuta kimya. Neno la mwisho la draiva ni lile la kujisifu kwamba kiungo kimepatikana, na liliandikwa siku seva ilipowashwa.

Kwa muda mfupi mashine hiyo bado husema. Inatuma taarifa zake na kuulizia majirani. Kisha nayo hunyamaza, kwa sababu anwani za majirani ilizohifadhi kwenye jedwali la ARP zinachakaa, na kila ikiuliza upya nani ana anwani fulani, majibu yanagonga kadi isiyosikia. Ukikaa upande wa pili wa kebo na tcpdump utaona jambo la kusikitisha: swali lile lile linarudiwa, na jibu lile lile linatolewa kwa uvumilivu. Hapo ndipo wengi wetu hugeuka kuilaumu swichi. Swichi ya watu haina kosa.

Na kosa hili lina inda ya pekee, maana linafunga mlango ule ule ambao fundi angepitia. Diski ikijaa, naingia kwa SSH naisafisha. Programu ikianguka, naingia naiinua. Kadi ikiacha kusikia, siingii kabisa. Kama hakuna njia ya pembeni ya kuifikia mashine, basi kinachobaki ni kumpigia simu mlinzi wa zamu, kumweleza kati ya makabati matatu ni lipi, na kumwomba abonyeze kitufe huku nikimsomea dua. Mlinzi akibonyeza, kila kitu kinarudi, na ushahidi wote unafutika. Asubuhi mkubwa wangu anauliza ilikuwa nini, namjibu "mtandao", naye anaridhika. Mimi siridhiki.

Sasa niruhusuni niseme kilichonifanya nikamate kalamu. Kerneli ya Linux ina mlinzi wa foleni ya kutuma. Pakiti ikikaa kwenye foleni hiyo bila kuondoka, kwa kawaida sekunde 5 kama draiva haikutaja muda mwingine, kerneli inapiga kelele: NETDEV WATCHDOG, jina la kadi, namba ya foleni, kisha inaiita draiva ijirekebishe. Ni utaratibu mzuri, na nimeupenda hata pale uliponiharibia usingizi. Kwenye foleni ya kupokea hakuna mlinzi wa aina hiyo. Mlipoulizwa, jibu lenu limekuwa la kimantiki kama kawaida yenu: anayetuma anajua alichotuma, lakini anayepokea hajui alichokikosa, kimya huenda kimetokana tu na kwamba hakuna anayesema.

Jibu hilo lingenitosha kama kadi zenu zisingekuwa na kaunta. Lakini zinazo, tena tele. Chipu za Intel za familia ya e1000 huhesabu ndani ya silikoni yenyewe fremu nzuri zilizofika na fremu zilizokosa pa kuwekwa. Draiva ya e1000e huzisoma hesabu hizo kila baada ya sekunde 2, katika kazi yake ya ukaguzi. Basi kama rx_missed_errors inapanda na rx_packets haisogei, waheshimiwa, hapo si kwamba hakuna anayesema. Wako wanaosema, tena kwa sauti, na kadi imewahesabu mmoja mmoja ilipokuwa ikiwatupa. Namba zote mbili mmezishika mkononi, na kuzilinganisha kunahitaji mstari mmoja wa kodi. Mmetuachia sisi tuufanye ulinganisho huo kwa macho, usiku wa manane, kupitia mashine tusiyoweza kuingia.

Nakiri kwamba zipo namna nyingi za kukwama, na si zote ni zenu. Ila iliyo ya kawaida kuliko zote ni yenu kabisa. Draiva hugawa kumbukumbu ya kompyuta katika vipande na kuvipanga kwa duara, 256 katika e1000e msipoombwa zaidi, na kadi huvijaza kimoja baada ya kingine bila kumsumbua prosesa. Ni kama ndoo zilizopangwa bombani. Ndoo ikijaa mtoto anaitwa, anabeba zilizojaa, anarudisha tupu. Kanuni mliyompa mtoto ni kwamba asisogee mpaka aitwe. Siku moja anarudi mikono mitupu kwa kuwa nyumbani ndoo zimekwisha. Bombani hakuna ndoo, kwa hiyo hakuna inayojaa. Hakuna inayojaa, kwa hiyo hakuna anayemwita. Haitwi, kwa hiyo hapeleki ndoo, hata kama saa ile ile nyumbani zimepatikana mia.

Hivyo ndivyo inavyokuwa. Kumbukumbu inaadimika kwa kitambo kidogo, labda kwa sababu nakala rudufu ya usiku imeanza kukimbia. Draiva inaomba vipande vipya kwa njia isiyoruhusu kusubiri, inakosa, inaondoka. Duara linabaki tupu. Pakiti haziwekwi popote, kwa hiyo hakuna intarapti. Hakuna intarapti, kwa hiyo draiva haiamki. Kumbukumbu ikirudi haimkuti mtu. Na msiseme ni bahati mbaya ya nadra: kwa gigabiti moja fremu ndogo kabisa zinaweza kufika 1,488,095 kwa sekunde, na nafasi 256 zinamalizika kwa mikrosekunde 172 hivi. Upungufu mfupi kuliko kupepesa jicho unatosha.

Dawa yake inajulikana na wala si ghali. Draiva ya virtio_net, ile ya mashine pepe, ikishindwa kujaza duara hujipangia kazi ya kujaribu tena baada ya nusu sekunde. e1000e katika ukaguzi wake wa kila sekunde 2 hujipigia intarapti yenyewe ili duara lisafishwe hata kama hakuna aliyeita. Ni mistari michache. Kinachonishangaza ni kwamba kila draiva mpya inapozaliwa huanza maisha bila mistari hiyo, kana kwamba hakuna aliyewahi kuzaa kabla yake, kisha mwaka mmoja au miwili baadaye inakuja marekebisho yenye kichwa cha maneno machache, na hakuna anayewataja waliolala bila mtandao katikati.

Kuna ukwamaji wa pili ambao naupenda, kama mtu anavyoweza kumpenda mwizi hodari. Mwaka 2001 Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov walieleza mpango wa NAPI, ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa mapokezi katika Linux. Kabla yake kila pakiti ilikuwa na haki ya kumkatiza prosesa, na pakiti zilipokuwa nyingi prosesa alishinda akikatizwa bila kufanya kazi yoyote. NAPI ikasema: pakiti ya kwanza ibishe hodi, kisha draiva ifunge hodi, izoe pakiti kwa zamu, kwa kawaida zisizozidi 64, na ikimaliza ifungue hodi tena. Hekima tupu. Lakini kati ya kuangalia mara ya mwisho na kufungua hodi kuna upenyo. Pakiti ikiingia kwenye upenyo huo, na draiva isipogeuka kuangalia tena, pakiti inalala humo. Waliotunga NAPI walilijua hili na wakaliandika, wakiita pakiti ya namna hiyo iliyooza. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakuonywa.

Dalili yake ni nzuri kwa macho. Ping inarudi, lakini kila jibu linadai limechukua milisekunde elfu moja na ushee, kwa utaratibu wa saa ya ukutani. Hakuna mtandao duniani unaochelewa kwa namba ya mviringo namna hiyo. Jibu la ping ya kwanza limelala kwenye duara mpaka ping ya pili, sekunde moja baadaye, iichokoze kadi na draiva iamke. Ukiona hivyo, acha kumtukana mtoa huduma wa intaneti. Fungua /proc/interrupts, tazama mstari wa kadi yako, uone kama namba inapanda au imelala nayo.

Na hapa niseme na wenzangu wasimamizi kidogo, kwa kuwa najua wanausoma waraka huu begani kwenu. Msikimbilie tcpdump ndani ya mashine iliyokwama. tcpdump kwa kawaida huiamuru kadi ipokee kila kitu hata kisicho chake, na amri hiyo huandika upya rejista za mapokezi. Katika kadi nyingine hilo tu linatosha kuiamsha. Utaona pakiti zinatiririka, utasema tatizo halipo, utafunga, na litarudi. Tumieni -p ili msiiguse hali hiyo, na kabla ya yote hifadhini matokeo ya ethtool -S mara mbili kwa kupishana sekunde kadhaa. Tofauti kati ya nakala hizo mbili ina thamani kuliko maelezo ya kurasa kumi. Mkisoma rejista kwa ethtool -d na zote zikarudi zikiwa f tupu, acheni kutafuta: kadi haijibu tena kwenye basi ya PCIe. Hapo mara nyingi mshukiwa ni uokoaji wa umeme wa ASPM, ambao draiva ya e1000e yenyewe huuzima kwa chipu ya 82574.

Turudi kwenu. Chipu hiyo hiyo ya 82574L ilitoa kisa ambacho kila anayeandika draiva angepaswa kukisoma kila mwaka, kama watu wanavyosoma maulidi. Februari 2013 Kristian Kielhofner, mhandisi wa simu za intaneti huko Marekani, alichapisha habari ya kadi zilizokuwa zikifa ghafla kwa wateja wake, na hazikufufuka mpaka umeme ukatwe. Alichimba mpaka akafika kwenye baiti moja. Pakiti ikiwa ndefu ya kutosha, na katika nafasi ya 0x47f ikabeba thamani ya 0x32 au 0x33, kadi inazima. Ikibeba 0x34 kwanza, kadi inapata kinga na haiwezi kuuawa tena mpaka iwashwe upya. Hakukuwa na haja ya kuvunja nywila yoyote. Ilitosha pakiti ifike. Zilizokuwa zikiua kwake zilikuwa pakiti za kawaida kabisa za kuanzisha simu, kutoka kwa aina fulani ya simu za mezani. Intel ilijibu ndani ya siku chache kwamba chanzo ni mtengenezaji mmoja wa bodi mama aliyeijaza EEPROM maudhui yasiyo sahihi kiwandani.

Nawashukuru Intel kwa kujibu upesi, na jibu lenyewe silipingi. Kinachonikera ni kile kilichotangulia jibu. Mtu mmoja alilazimika kurudia pakiti moja moja, akibadilisha baiti baada ya baiti, ili kugundua kitu ambacho kwa upande wa draiva kilionekana kama mashine ambayo leo haina wageni. Laiti draiva ingesema tu "mapokezi yamesimama", bila hata kujua kwa nini, msako ungeanzia kwenye kadi badala ya kuanzia kwenye simu.

Kuna pia ukwamaji wa nusu, ambao naona ni mbaya kuliko ule kamili. Kadi za siku hizi zina foleni nyingi za kupokea, na pakiti hugawanywa kati yake kwa hesabu inayotokana na anwani na namba za bandari. Foleni moja kati ya nane ikifa, Asha anafungua ukurasa na Juma hafungui, na Juma akijaribu tena anafungua, kwa kuwa bandari yake imebadilika na ameangukia foleni iliyo hai. Mtu wa huduma kwa wateja anaandika "tatizo limetoweka lenyewe" na kufunga faili. Anayejua atatazama kaunta za kila foleni, aone ya tatu imeganda, kisha kwa ethtool -X aipe uzito wa sifuri ili pakiti zigawiwe kwa wenzake. Ni ufundi wa kufunga jeraha kwa kitambaa, lakini seva inafika asubuhi.

Na kama mtaniambia kwamba kadi iliyokwama inajiumiza yenyewe tu, nitawakumbusha fremu za PAUSE za 802.3x, za tangu 1997. Kadi ambayo duara lake limejaa na imeruhusiwa udhibiti wa mtiririko, humwomba jirani asubiri. Ombi moja linaweza kudumu, kwa gigabiti moja, hadi milisekunde 33 na nusu hivi, na kadi ambayo draiva yake imelala hulirudia na kulirudia. Swichi yenye adabu inatii, inashikilia pakiti, na katika swichi za bei ya chini akiba ya pakiti ni ya wote. Nimeona ofisi nzima ikisimama kwa ajili ya kompyuta moja ya mhasibu iliyokuwa imeganda chini ya meza. Kila mtu alikuwa anaizunguka swichi.

Mniwie radhi pia kwa neno juu ya majina. Pakiti iliyofika ikakosa nafasi, katika e1000e mnaiita rx_no_buffer_count ikiwa bado ina matumaini na rx_missed_errors ikishatupwa. Katika ixgbe ni rx_no_dma_resources. Katika mlx5 ni rx_out_of_buffer. Katika tg3 ni rx_discards. Katika r8169 ni rx_missed. Sijui kikao kilichokaa kugawa majina hayo kilinywa chai gani, lakini anayeandika programu ya kufuatilia seva mia za aina tano analazimika kuwa mfasiri kwanza.

Mwaminifu kuliko wote kwangu mimi bado ni Bill Paul. Alipoandika draiva ya FreeBSD ya RealTek 8139, mwishoni mwa miaka ya 1990, aliweka mwanzoni mwa faili maelezo yanayosema wazi kwamba chipu hiyo huenda ndiyo mbaya kuliko zote za PCI zilizowahi kutengenezwa, akaeleza na sababu: kila pakiti inayopokelewa lazima inakiliwe upya na prosesa. Kadi hizo zilikuwa rahisi na watu waliendelea kuzinunua. Lakini aliyesoma faili lile alijua amenunua nini.

Na hamwezi kuniambia kwamba ninaloomba haliwezekani, kwa kuwa wenzenu wamelifanya. Tangu 2019 kerneli ina utaratibu wa devlink health, ambao draiva huutumia kutangaza hitilafu, kuhifadhi hali ya kadi ilivyokuwa wakati ule, na kujaribu kuifufua. Draiva ya mlx5 ina ripota kadhaa, zikiwemo moja ya kutuma na moja ya kupokea. Ya kupokea! Nilipoliona neno hilo kwenye skrini nilitaka kumpa mkono mtu. Mtasema hizo ni kadi za vituo vikubwa vya data, zenye bei inayolingana na gari bovu. Ni kweli. Lakini kulinganisha kaunta mbili kila sekunde 2 hakuhitaji chipu ya bei hiyo, na kuandika mstari mmoja kwenye dmesg hakuhitaji chipu yoyote.

Basi ombi langu ni dogo. Sidai draiva isiyokwama. Mimi si mtoto. Naomba mkiona fremu zinahesabiwa kuwa zimekosa nafasi huku duara halisogei kwa sekunde kadhaa, mseme. Andikeni kiashiria cha mwanzo na cha mwisho cha duara viko wapi, intarapti zimefunguliwa au zimefungwa, nafasi ngapi zimejazwa. Kisha, kama mna moyo, jaribuni kuifufua foleni, na mkifanya hivyo semeni pia. Zipo draiva zinazojifufua kimyakimya kila baada ya dakika chache, na sisi tunabaki kuona miunganisho ikikatika kwa mpangilio tusioweza kuueleza. Ufufuo wa siri hautusaidii sana kuliko kifo cha siri.

Na mnapoandika maelezo ya marekebisho, "kurekebisha kukwama kwa mapokezi" halitoshi. Tajeni chipu, tajeni dalili, tajeni kaunta iliyoganda na ile iliyopanda. Wanaotunza kerneli za zamani za makampuni huamua kwa maelezo hayo kama marekebisho yarudishwe nyuma au yaachwe, na wengi wetu tunaendesha kerneli hizo za zamani kwa sababu mkataba unasema hivyo. Mimi kwa upande wangu, nikija na malalamiko, nitakuja na nakala mbili za ethtool -S, /proc/interrupts kabla na baada, na toleo la programu ya ndani ya kadi. Nanyi kabla ya kuniambia nijaribu kerneli mpya kabisa, tafadhali fungueni kwanza hicho nilichoambatanisha.

Wenu kwa heshima, anayesubiri kwenye foleni ya kupokea,

Msimamizi wa seva